Ruzuku ya unga na bei ya mahindi Kongowea

Kaka, umeuliza kwa nini serikali ikishusha bei ya unga wa paketi, mahindi ya kupimiwa pale soko la Kongowea, Mombasa, hubaki juu. Ni kwamba ruzuku haimfikii mchuuzi. Hupitia kwa wenye viwanda vikubwa vilivyosajiliwa. Mwaka 2017 paketi ya kilo mbili ilipangiwa shilingi 90, na 2022 ikawa shilingi 100. Paketi hizo zikiingia dukani huisha upesi (na nyingine hufichwa, tusidanganyane). Aliyezikosa hurudi kwenye mahindi ya vibaba na mashine ya kusaga ya mtaani, ambako hakuna ruzuku hata ya senti. Wanunuzi wakijaa huko, bei hupanda.

Mpaka nao una mambo yake. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka), kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, vyeti vya vipimo vikiwemo. Tajiri analipia vipimo. Mwenye magunia kumi anatafuta njia za panya, na gharama yake waja kuilipa wewe. Mimi naona afadhali serikali inunue mapema na kuwauzia hata wasagaji wadogo.