Re: Mkopo wa ada hautokei kwenye fomu ya maombi

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, umefungua kategoria za mikopo, ya Boda (pikipiki) na ya Ada za Shule, kwenye programu ya Sacco yenu, lakini ofisa wa mikopo akianza ombi jipya, ya ada haionekani, halafu ya boda inadai barua ya shule.

Cheki kwanza kama bidhaa ya ada, yaani mkopo wenyewe na masharti yake, imewashwa na imeunganishwa na tawi la huyo ofisa, mara nyingi shida iko hapo tu. Kategoria yenyewe ni kapu, haina riba wala muda, hivyo vyote vinakaa kwenye bidhaa iliyo ndani yake, sasa kapu likiwa tupu fomu hailionyeshi.

Hiyo barua ya shule nadhani ulikopi bidhaa ya ada ukabadilisha jina ukaita boda, basi viambatisho vikaja navyo. Futa barua, weka logibuku (hati ya umiliki wa pikipiki) na kitambulisho cha taifa. Hapohapo angalia riba, kama ni flati (inapigwa kwa mkopo wote wa mwanzo) au ya salio linalopungua, maana nayo inakopiwa kimyakimya na mwanachama ndiye anaumia. Mkopo wa ada mimi huwa naupa miezi 3 au 4 ya kulipa, uishe kabla muhula mwingine haujaingia.

Kama kuna mikopo inayoendelea usifute kategoria ya zamani, ifunge tu kwa maombi mapya. Jaribu kwa akaunti ya ofisa, siyo ya adimini, adimini anaona kila kitu.