Maswali Yenu: Mafuta Gani ya Kuchanganyia?

Barua za safari hii nyingi ni za mafuta ya ngozi: ya karafuu, limau, mkaratusi, na yale ya kuyachanganyia. Tunaanza na iliyotutia wasiwasi zaidi.

Nimeletewa mafuta ya karafuu kutoka Pemba. Nilimpaka mama magotini yakiwa matupu, ngozi ikawaka na kubabuka. Nasikia huchanganywa na mafuta mengine. Yapi, na kwa kiasi gani? (Msomaji, Tanga)

Pole, na utufikishie pole kwa mama. Mafuta ya karafuu hayapakwi matupu hata siku moja. Sehemu yake kubwa, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni yujenoli, ile ile inayotia ganzi jino linalouma. Ndiyo iliyomuunguza. Tena mafuta mengi ya Pemba hutolewa kwenye makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, na ya makonyo huwa na yujenoli nyingi kuliko ya karafuu zenyewe.

Kwa ngozi, usivuke nusu asilimia: nusu mililita ya karafuu kwa mililita 100 za mafuta ya kuchanganyia. Nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, bila sindano yake, upimie hilo. Matone hudanganya, maana tundu la kila chupa lina ukubwa wake. Ukikosa bomba, hesabu matone 20 kuwa mililita 1. Basi chupa ya mililita 30 inataka matone 3 tu. Utayaona machache. Usiongeze.

Mafuta ya kuchanganyia tungekuchagulia ya ufuta, yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu. Yanateleza vizuri mkononi wakati wa kukanda na hayachachi upesi, kwa kuwa ufuta una viasili vyake vya kuyalinda. Ya ufuta uliokaangwa waachie wapishi, harufu yake itaimeza ya karafuu. Mwenye mzio wa ufuta atumie alizeti. Weka kwenye chupa ya kioo yenye rangi, kwa sababu karafuu hula baadhi ya plastiki, na uandike tarehe.

Subiri ngozi ya mama ipone kabisa. Kisha mjaribishe kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mwache saa 24. Pakiwasha au pakiwa pekundu, acheni. Na ikitokea tena karafuu tupu imemwagikia ngozi, msikimbilie maji: haichanganyiki nayo, maji yatateleza juu yake tu. Futeni kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, halafu sabuni na maji. Malengelenge yakitokea, nendeni hospitali.

Nina chunusi. Rafiki alinishauri mafuta ya nazi na matone ya limau usiku na asubuhi, lakini zimezidi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza nazi. Ni mafuta mazuri kwa mwili na nywele, lakini ni mazito kwa uso wenye chunusi, na kwa watu wengi huziba vinyweleo. Badili utumie alizeti ya kawaida, ambayo ina asidi ya linoleiki kwa wingi na ni nyepesi, au jojoba ukimudu bei yake. Matone 3 au 4 yanatosha uso mzima, yapakwe usiku ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoshwa. Alizeti huchacha mapema, hivyo nunua chupa ndogo, uiweke kwenye friji.

Limau ndilo linalotusumbua zaidi. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya limau na ndimu yana viini vinavyofanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Ukiyapaka asubuhi na kutoka nje unaweza kupata madoa meusi yanayokaa miezi. Yaache kabisa usoni. Uso wenye chunusi hauhitaji harufu yoyote. Zikiwa kubwa na zenye maumivu, muone daktari wa ngozi mapema, kwa sababu makovu hayaondolewi na mafuta.

Mafuta ya nazi ninayopika mwenyewe yananuka baada ya wiki tatu. Ya dukani hayanuki. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Ni maji, pamoja na machicha. Tui lina vyote viwili, na vikibaki humo vijidudu hupata chakula. Chuja tui kwa kitambaa kizito kabla ya kupika. Mafuta yakishajitenga, punguza moto, usiyaache mpaka machicha yawe meusi, kwani hapo harufu ya kuungua huingia na haitoki. Endelea kwa moto mdogo hadi mlio wa kuchatachata unyamaze na mapovu yaishe: maji yameondoka. Yaache yatulie usiku mzima, kisha mimina ya juu polepole, na kile kidogo cha chini kipikie. Chupa iwe kavu kabisa. Tone moja la maji linatosha kuharibu kazi yote.

Yakiganda wakati wa baridi usiyatupe. Nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hicho hata ni kipimo cha ya dukani: yaweke kwenye friji, na yakibaki na tabaka la maji maji, huenda yamechanganywa na mafuta mengine. Ila yapo pia yaliyochujwa makusudi yasigande, na hayo huandikwa hivyo kwenye chupa.

Mtoto wangu ana miezi minne na ngozi kavu. Nimpake zeituni na tone la mkaratusi kwa mafua? (Msomaji, Dodoma)

Mkaratusi hapana, wala minti, wala kafuri. Kwa mtoto mchanga vinaweza kuzuia pumzi, hasa vikipakwa karibu na pua au kifuani. Zeituni nayo tunaikwepa: ina asidi ya oleiki nyingi, ambayo hulegeza ngozi isizuie unyevu wake, na mwenye pumu ya ngozi huzidi kukauka. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara tu baada ya kumuogesha. Mafua yakimfanya ashindwe kunyonya au apumue kwa shida, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.