Vipunje vyeupe kwenye bandama ya changu, ni TB?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi nakaanga samaki hapa Kirumba, nimezoea sato na sangara ila kuna kijana ananiletea changu wa baharini toka Dar kwenye barafu. Juzi natoa matumbo nikakuta wawili bandama imejaa vipunje vyeupe kama chenga za mchele, na ini nalo lina vidoa. Jirani anasema ni TB ya samaki eti itatuua na wanangu. Kweli? (Mama Samaki, Mwanza)

JIBU: Marahaba mama. Jirani yako kuna kitu kasikia ila kakutisha kupita kiasi. TB ya samaki ipo kweli, kijidudu chake kinaitwa Mycobacterium marinum, kiligunduliwa 1926 kwa samaki wa baharini waliokuwa wanakufa kwenye akwariamu ya Philadelphia kule Marekani, na sio kile cha TB ya kifua ya binadamu. Kinakaa ini, bandama na figo (figo ya samaki ni ule mstari mwekundu mweusi uliobana uti wa mgongo, wengi wanaukwangua wakidhani ni damu tu).

Lakini vipunje peke yake havitoshi kusema ni TB maana kuna bakteria wengine wa baharini wanaoacha madoa meupe hivyohivyo kwenye bandama na figo, na mara nyingi tu ni minyoo, minya kimoja na kisu, ukiona kitu kimejikunja kama uzi basi ni mnyoo. Kuthibitisha bakteria ni kazi ya maabara, kwa macho hata mimi siwezi.

Watoto wakila samaki aliyeiva sawasawa hii TB haiwapati, moto unaiua, ila barafu usiitegemee. Hao wawili mi ningewatupa tu. Anayepaswa kujihadhari ni wewe unayepasua, inaingia kwenye kidonda au mwiba ukikuchoma, inapenda ubaridi wa ngozi ya vidole, na uvimbe unakuja taratibu baada ya wiki kadhaa. Vaa glavu, na ukiona kinundu kidoleni hakiponi mwambie daktari kabisa kwamba kazi yako ni samaki, asipojua atakupa amoksilini ya siku tano na haitasaidia kitu, dawa zake ni za miezi.

Afu hayo matumbo usimwage ziwani wala usimpe mtu wa vizimba akalishe sato, hiki kijidudu kwenye maji baridi kinaishi vizuri tu. Chimbia au choma.