Sakafu Ikitoa Maji, Usikimbilie Simenti

Mvua za Machi zikianza hapa Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, fundi wa kwanza utakayemwita atakwambia: "Tupige sakafu nyingine juu ya hii, tutie na dawa ya kuzuia maji." Usitoe pesa bado. Maji ya chini ukiyazibia njia sakafuni yatapanda ukutani. Matofali ya kuchoma huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, kisha plasta inavimba na chumvi nyeupe inajitokeza hadi usawa wa magoti.

Kwanza jua yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni angavu sakafuni, ukizungushia selotepu pande zote, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu, ni hewa ya ndani tu, fungua madirisha.

Halafu mita ya maji. Usiku mkifunga bomba zote, isome, na asubuhi uisome tena kabla mtu hajanawa. Kwetu ilikuwa imetembea, na bomba lililopita chini ya korido likakutwa limepasuka. Baada ya kulitengeneza korido ilikauka, lakini chumba cha nyuma kikabaki vile vile: ukiinua mkeka wa plastiki unakuta umelowa, unanuka tope.

Hapo tukachimba shimo nje, hatua chache kutoka ukutani. Kulipokucha lilikuwa na maji, na hayakuwa ya mvua maana usiku haikunyesha. Tuko bondeni, kinamasi cha Lubigi kiko jirani, kwa hiyo maji ya ardhini yako karibu sana na miguu yetu.

Dawa yake ni mtaro upande wa mlimani, maji yakamatwe kabla hayajafika nyumbani. Uchimbe chini ya usawa wa sakafu, lakini karibu na ukuta usipite chini ya msingi, nyumba isije ikapasuka. Uteremke walau sentimita 1 kwa kila mita, ujazwe kokoto, na uishie kwenye mfereji mkubwa. Si kwa jirani! Ugomvi wa maji mtaani kwetu hauna mwisho.

Mfereji wenyewe ukifurika, maji hurudi kinyumenyume, na hapo mtaro hausaidii. Kinachobaki ni kuinua sakafu: marumu (udongo mwekundu wa changarawe) iliyoshindiliwa, mawe, mchanga laini, nailoni nzito ya geji 1000 iliyokunjwa kupanda ukutani, kisha zege. Pima milango kwanza, itabidi ikatwe.

Choo cha shimo kikiwa karibu, hayo maji yahesabu ni machafu. Watoto wasitambae hapo, na sakafu ioshwe kwa jiki.

Na kama umepanga, usitie hata mfuko mmoja wa simenti kabla mwenye nyumba hajaandika kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi. Barua hiyo ipigwe muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), nakala ubaki nayo.