Kabla ya Kuiweka Nyumba Rehani Uzeeni

Mume wangu na mimi tulipostaafu kazi za hospitali hapa Minnesota, malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, yalitosha chakula na dawa, lakini rejesho la mkopo wa nyumba lilimeza karibu kila kilichosalia. Baada ya kushauriana na watoto tulichukua rehani ya kinyume, yaani mkopo ambao mwenye nyumba hapeleki marejesho ya kila mwezi, bali deni huongezeka taratibu hadi anapofariki, anapouza au anapohama. Umetusaidia sana, ila siwezi kumshauri kila Mwafrika Mashariki wa rika letu auchukue.

Mkopo wetu ni wa mpango wa HECM, yaani rehani ya kinyume yenye bima ya serikali kuu ya Marekani kupitia FHA, idara inayowekea mikopo ya nyumba bima. Mkopaji awe ametimiza miaka 62, nyumba iwe ndiyo makazi yake makuu, na deni la zamani lilipwe kwanza kutokana na fedha za mkopo huo huo. Kwetu nafuu ilikuwa hapo, kwa kuwa rejesho lilikoma. Fedha iliyobaki hatukuichukua kwa mkupuo. Tuliiacha kama fungu la kuchota inapobidi, na tulichota mvua ya mawe ilipoharibu paa. Riba hutozwa kwa kile ulichochota tu.

Gharama zake si ndogo. Kwa nyumba ya dola 300,000, bima ya mwanzo ya asilimia 2 ni dola 6,000, na ada ya mkopeshaji inaweza kufika dola 5,000, kabla ya malipo ya mthamini na ya hatimiliki. Riba nayo huzaa riba: dola 80,000 kwa asilimia 7, pamoja na bima ya kila mwaka ya nusu asilimia, hukaribia dola 169,000 baada ya miaka 10. (Ndugu Waislamu wana swali la riba, na hilo huulizwa kwa shekhe, si kwa wakala wa mikopo.)

Sheria inamtaka kila mwombaji aonane kwanza na mshauri aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani, nami nasisitiza mwende na mtoto mmoja mtu mzima. Mshauri wetu alitubana kuhusu kodi ya nyumba na bima ya moto, kwa sababu anayeshindwa kuzilipa anaweza kunyang'anywa nyumba hata kama hadaiwi rejesho lolote. Warithi hawalazimiki kulipa kutoka mifukoni mwao deni linalozidi thamani ya nyumba. Wakitaka kuihifadhi, hulipa deni lote au asilimia 95 ya thamani iliyokadiriwa, kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo.

Lakini jambo ambalo mawakala hawalitaji kwa wageni kama sisi ni safari ya nyumbani. Kila mwaka tunaletewa fomu ya kuthibitisha kwamba bado tunaishi humu, nasi tunaitia sahihi tukijua kwamba sehemu kubwa ya mwaka lazima tuwe hapa. Tukienda Mombasa kusalimia ndugu na kurudi, hakuna tatizo. Anayepanga kukaa kijijini miezi minane, au kuhamia huko na kupangisha nyumba ya huku, anavunja sharti la makazi, na mkopeshaji anaweza kudai deni lote. Nimesikia wazee wakipanga kuchota fedha hizi wakajenge nyumbani ndipo wahamie. Hao wanalipia gharama zote za mwanzo kwa mkopo utakaodaiwa mara tu wanapohama. Kama nia yenu ni kurudi moja kwa moja, uzeni nyumba, mlipe kinachodaiwa, kisha mwondoke na fedha iliyobaki.