Kabla ya kumpeleka mama, tazama visigino

Swali: Habari daktari. Mama yetu ana miaka 74. Wiki sita zilizopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yanamtoka kwa shida. Ameruhusiwa kutoka hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, lakini nyumbani Kakamega hakuna mtu wa kumwinua. Ndugu zangu wako Nairobi na Doha, wanatuma pesa. Mimi ndiye wa kuzunguka. Nimeona nyumba mbili za kutunza wagonjwa. Ya kwanza ina vigae vipya, televisheni kila chumba na magodoro ya hewa. Ya pili ni kuukuu na vitanda vimebanana kidogo, ila niliwakuta wagonjwa wamekaa kibarazani wakichambua mboga. Zote zinasema zina fiziotherapia na kwamba wagonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nitajuaje ipi inasema kweli?

Jibu: Pole kwa mzigo, dada. Kwanza, mimi si daktari, ni mfiziotherapia, na kwa swali lako huenda hiyo ikafaa zaidi, kwa sababu wagonjwa kama mama hunifikia baada ya miezi miwili mitatu wakiwa katika hali inayosema yote kuhusu mahali walikolala.

Jihadhari na kibao cha barabarani. Kwetu maneno "Nursing Home" mara nyingi huwa ni hospitali ndogo ya kibinafsi, mahali akina mama wanakojifungulia na watoto wanakotibiwa malaria. Muulize msimamizi moja kwa moja: una wagonjwa wangapi wa kiharusi sasa hivi, na aliyekaa muda mrefu zaidi ana miezi mingapi? Leseni zitazame, lakini zisikuchukulie muda. Kituo kiwe na leseni ya mwaka huu ya KMPDC, baraza la madaktari linalosajili vituo vya afya, wauguzi wawe na leseni hai za Baraza la Wauguzi, na anayeitwa mfiziotherapia awe amesajiliwa na baraza letu, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Karatasi ya mwaka juzi ukutani ni jibu tosha.

Marekani wana mfumo wa kuzipima nyumba za kutunza wagonjwa kwa nyota, moja hadi tano, ulioanza mwaka 2008. Nyota hizo hutoka kwenye ukaguzi, idadi ya wafanyakazi na hali ya wagonjwa, vikiwemo vidonda vya kulalia. Mwanzoni nyumba zenyewe ndizo zilizokuwa zikiripoti idadi ya wafanyakazi wao, na unajua mtu akijipima mwenyewe huwa anapata ngapi. Kuanzia 2016 zikatakiwa kuwasilisha hesabu kutoka kwenye rekodi za mishahara. Sisi hatuna nyota za kusoma, ila mambo ya kutazama ni hayo hayo matatu.

Anza na miili ya waliopo. Huwezi kufunua shuka la mzee wa watu, lakini visigino mara nyingi viko wazi. Kisigino cha mgonjwa asiyejigeuza kinatakiwa kielee, mto ukiwa chini ya shavu la mguu. Kikiwa kimekaa moja kwa moja kwenye godoro, jua kidonda kiko njiani. Na usingoje kuona wekundu kama wanavyoandika vitabuni. Kwenye ngozi yetu mahali hapo huzidi weusi au hugeuka zambarau, pakawa na joto na ugumu kuliko pembeni. Siku ukimlaza mama, mguse kwa mgongo wa mkono: visigino, nyonga, na mfupa ulio juu ya makalio. Tazama pia midomo ya wagonjwa kama imekauka, kucha, na kikombe cha maji kiko upande gani. Mgonjwa aliyepooza kulia akiwekewa kikombe kulia, hicho kikombe ni pambo.

Kisha omba kuona chati ya kugeuza, bila kutaja jina la mgonjwa. Niliwahi kuitwa mahali fulani kumwona mzee. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, na chati yake ilikuwa imetiwa sahihi mpaka saa nane mchana: kushoto, chali, kulia, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mzee mwenyewe alikuwa chali, na shuka limechora mistari mgongoni. Sikuhitaji kuuliza swali la pili.

Magodoro ya hewa ni mazuri, siyapingi. Lakini godoro hilo hutegemea mota inayojaza na kupunguza hewa, na mota hutegemea stima. Stima ikipotea, aina nyingi hushuka taratibu mpaka mgonjwa anakuwa amelala juu ya chuma. Kwa hiyo inama uangalie kama mota imechomekwa na inanguruma, halafu uulize jenereta inawashwa na nani usiku. Tena godoro haliondoi kazi ya kumgeuza mtu, ingawa wengi huuziwa hivyo.

Nenda wakati wa chakula. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, maana umesema maneno yanamtoka mama kwa shida, na mara nyingi kumeza nako huwa kumeguswa. Mgonjwa wa kiharusi akilishwa amelala, uji huenda mapafuni, na baada ya siku chache unaambiwa ana nimonia. Anayelisha anatakiwa awe ameketi, macho yake usawa na ya mgonjwa, kijiko kidogo, akingoja koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Baada ya kula mgonjwa abaki wima kama nusu saa. Uliza ni nani aliyempima kumeza kabla ya kuamua uji uwe mzito kiasi gani. Ukisikia "sisi huwapa wote uji mwepesi", toka.

Fiziotherapia sasa. Mwongozo wa mwaka 2023 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mgonjwa wa kiharusi apewe angalau saa tatu za mazoezi na tiba kwa siku, siku tano kwa wiki. Hatufiki huko, nami sitakudanganya. Lakini mtu kupita Alhamisi, kukunja na kukunjua mguu dakika kumi, ni salamu tu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa na mama ameshatumia nusu. Waulize wanapima vipi maendeleo. Wengi hutumia kipimo cha Barthel, chenye alama 0 hadi 100: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi. Wakuandikie alama za mama siku ya kuingia, na za wiki nne baadaye. Na angalia wahudumu wanavyowainua watu. Anayemvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza anamlegeza bega, na maumivu hayo yatamfanya mama akatae mazoezi yote.

Usiku piga hodi saa tatu, bila taarifa. Hesabu vitanda, hesabu watu walio macho, uliza ni yupi muuguzi. Wakikuzuia getini kwa heshima, sawa, wagonjwa wanalala. Ila wakupe jibu la hesabu. Kuhusu pesa, andikiana nao nepi, glavu, dawa na gari la dharura ziko ndani ya bei au nje. Na ahadi kwamba "SHA itasimamia", yaani bima ya afya ya serikali, isiwe ya mdomo.

Kwa ulivyozieleza, ningeanza na ile ya kuukuu. Kuchambua mboga ni mazoezi ya vidole, na aliyewatoa wagonjwa kitandani kuja kibarazani alitumia nguvu ambayo vigae havina. Lakini vitanda vilivyobanana vinanitia shaka: pima kama kiti cha magurudumu kinaingia kando ya kitanda na mtu wa kumsaidia akabaki na pa kusimama. Kisipoingia, mama hatainuliwa. Ukikubaliana nao, mpeleke kwa wiki mbili kwanza, na siku ya kuingia piga picha visigino na mgongo wake mbele ya muuguzi wa zamu, kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Kusema kwa shida si kutoelewa.