Kiungo Kionekane au Kifichwe?

SWALI: Mhariri, mimi ni mchongaji wa hapa Lamu. Naokota vigae vya sahani na kandambili zilizokatika katika ufuo wa Shela, kisha naziunga kuwa sanamu. Fundi mmoja mzee huniambia kuwa kiungo kizuri ni kile kisichoonekana. Je, ni kweli?
Msomaji, Langoni

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako asema kweli kuhusu mlango na kiti, lakini sanamu ina haki nyingine. El Anatsui, mchongaji wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, huunga maelfu ya vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, na waya huo hausitiriwi. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya mji wa Venice, Italia.

Itazame kandambili moja kwa karibu. Kiwanda kilitoa nyingi zinazofanana, ila kisigino kilicholika upande mmoja, na msumari uliopitishwa chini ya ukanda ili ukanda huo usichomoke, ni kazi ya mtu mmoja tu. Ukiufunika msumari huo kwa rangi, utakuwa umefuta sehemu iliyo bora kuliko zote, nami ningesikitika sana.

Vigae vioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uviloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha uvikaushe kabisa kabla ya kutia gundi, kwa kuwa chumvi iliyobaki ndani huibandua gundi polepole.